Bibi Harusi wa Sekunde Kumi na Moja

Nilirudi shule ya jioni nikiwa mtu mzima mwenye magoti yanayolia, na nikahitimu, asanteni sana. Cheti kipo ukutani sebuleni, kikubwa kuliko televisheni. Hesabu nimeshaisahau yote. Kipindi ninachokikumbuka vizuri ni kimoja cha historia, siku ya baridi, giza limeshaingia tangu saa tisa alasiri kama ilivyo tabia ya mji huu wa Stockholm.

Tulikuwa watu kumi na wanne darasani. Mmoja alikuwa ametoka kuendesha basi, mwingine kusafisha ofisi, mimi nilikuwa nimetoka kumenya viazi vya watoto wa shule, viazi ambavyo ukivipanga mstari vinafika Kiruna, kaskazini kabisa mwa nchi. Mwalimu wetu, kijana mpole ambaye ningeweza kabisa kumzaa, alizima taa akasema atatuonyesha filamu za habari za mwaka wa mwisho wa ile Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zile fupi ambazo watu wa zamani walionyeshwa sinema kabla ya filamu waliyoilipia. Nusu ya darasa ilishukuru kimoyomoyo ikafumba macho. Matarumbeta yakalia. Msomaji wa habari akaanza kubwata kwa sauti ya haraka haraka. Na kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimesimama.

"Sasa inakuja boti," nilisema.

Boti ikaja.

"Mwenye kofia ya masikio atarusha kamba. Haya. Sasa wanamteremsha yule wa kitambaa cheupe, wawili wamemshika mikono. Ameinamisha macho. Ngojeni. Ngojeni kidogo... sasa anageuka."

Mwanamke wa kitambaa cheupe akageuka, akatutazama.

Darasa zima liliamka. Mwalimu akasimamisha picha.

"Umeshawahi kuiona?"

"Mara elfu nne."

"Unamjua huyu?"

Dereva wa basi, jirani yangu wa dawati, alikuwa anakula lile andazi la Kiswidi la iliki, lililosokotwa kama kilemba, na harufu yake ilikuwa imeshanishika puani ikanirudisha nyuma miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nikawa na miaka minane tena. Nikawa nimekaa kwenye zulia la Bibi Leida kule Bredäng, miguu nimeikunja, nikimsubiri bibi harusi.

Sisi tuliokulia mji huu enzi za deki tunajua kwamba harusi haiishi siku ya harusi. Mama yako mdogo anaolewa Tanga, watu wa huko wanakula pilau yao wanalala. Lakini miezi mitatu baadaye harusi inapanda ndege ndani ya mkanda wa video, imezungushiwa gazeti na selotepu, na ikitua Stockholm inaanza upya. Sebule yetu ya Bredäng iliwahi kuingiza watu mia tatu kutazama mkanda mmoja, na sipunguzi hata mmoja. Watu walivaa. Mama alipika. Bibi harusi akitokea kwenye televisheni, kina mama walipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga bomba la joto kwa kijiko, nasi watoto tukadhani naye anashangilia. Na waliomo kwenye mkanda walikuwa wanasalimiwa. Mzee akipita mbele ya kamera anatafuta choo, sebule nzima inamwamkia: "Shikamoo, Babu!"

Mkanda ukishatazamwa kwenu haukai. Alikuja kuuchukua Mjomba Kibwana, ambaye hakuwa mjomba wa mtu yeyote bali dereva wa gari la mikate aliyefika kila mtaa. Aliutia kwenye mfuko wa plastiki akaupeleka Hallunda, na kutoka Hallunda ukapanda mpaka Akalla, mwisho wa reli ya bluu. Waliutazama Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, hata watu ambao ungewapa ramani wangeitafuta Tanga baharini. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa. Kila nyumba iliandika humo: "Tumetazama. Hongereni," jina la familia, na maoni kama yapo, na maoni yalikuwepo siku zote. Karatasi ikijaa, mkanda unarudi kwa mwenyewe.

"Mkanda unaokaa kabatini ni aibu kwa bibi harusi," Mama alikuwa akisema. "Ni kama aliolewa peke yake chumbani."

Hilo nililishika. Balaa lote lililofuata lilitokana na mimi kulishika.

Mama alikuwa anafanya kazi ya hemtjänst, yaani kuzunguka majumbani kwa wazee, kuwaogesha, kuwapa dawa na kuwasikiliza. Jumamosi Baba alikuwa zamu, kwa hiyo mimi nilikokotwa mpaka kwa Bibi Leida, jengo la tatu kutoka letu, ghorofa ya sita. Kanuni hazikuruhusu kabisa, ila Bibi Leida alikuwa ametangaza kwamba kanuni zikija mlangoni kwake atazifukuza kwa fimbo. Alikuwa mdogo kama kikombe cha kahawa, mwenye nywele nyeupe ambazo Mama alimchana taratibu baada ya kuoga. Alikuwa mtu wa Estonia, ng'ambo ya bahari, akaja Sweden akiwa msichana. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na maua ya dirishani kumi na mawili, na mkanda mmoja.

Nywele zikishachanwa, Bibi Leida alitoa maandazi ya iliki. Miaka ile niliamini iliki ni mali ya Tanga peke yake, nikajua kwa hakika kwamba Bibi huyu amewahi kufika kwetu akaiiba. Kisha aliuchukua ule mkanda kwenye rafu. Boksi lake lilikuwa na neno moja tu lililoandikwa kwa wino wa bluu, Mamma. Aliusukumia kwenye deki na kukaa shubiri mbili tu kutoka kwenye kioo, kichwa chake kikifunika nusu ya dunia, nami nikachungulia pembeni ya sikio lake.

Boti ile ilidumu sekunde kumi na moja. Nilizihesabu. Bibi Leida alizitazama mara tatu kila Jumamosi, akirudisha nyuma kila mara, asizidishe hata mara moja ili asiuchoshe mkanda. Baada ya hapo aliuacha uendelee wenyewe huku akinywa kahawa. Hakueleza chochote. Mama naye hakuuliza, kwa kuwa katika kazi ile hujifunzi kuuliza, unajifunza kungoja.

Lakini mimi sikuhitaji kuelezwa. Mtoto wa nyumba ya mikanda mia anajua harusi akiiona. Matarumbeta yalikuwepo. Mshereheshaji alikuwepo, anapiga domo kama wote. Bibi harusi alishuka kwenye boti amefunikwa kitambaa cheupe, ameshikwa mikono na wawili, macho chini, hacheki. Angechekaje? Bibi harusi wa kwetu akicheka mbele ya kamera, shangazi zake wanaugua wiki nzima. Nikasema kimoyomoyo, huyu mama wa Bibi Leida amefundwa akafundika. Baada yake ukaja msafara wa magari. Yalikuwa magari ya ajabu, ya chuma, yenye mdomo mrefu mbele, lakini yalikuwa yamepambwa maua na wasichana wamepanda juu wanapunga mikono, na gari lenye maua ni gari la harusi popote duniani. Na mwisho kabisa, sherehe yenyewe, hapa hapa Stockholm: barabara imejaa watu mpaka pomoni, wanakumbatiana, na kutoka madirishani inamwagwa mvua ya vipande vya karatasi. Hata harusi ya mtoto wa waziri sijaiona yenye watu wale.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Siku moja nilifungua boksi nikachungulia ndani. Hakukuwa na karatasi.

Fikiria. Harusi kubwa kiasi kile, na hakuna hata nyumba moja iliyoandika "hongereni". Bibi harusi yule alikuwa ameolewa peke yake chumbani.

Basi Jumamosi moja, mkanda umeshatazamwa na kurudishwa rafuni, Mama akiwa jikoni anaosha vikombe na Bibi Leida amesinzia kitini, mimi nilichana ukurasa kwenye daftari langu nikaandika juu kwa herufi kubwa: HARUSI YA MAMA YAKE BIBI LEIDA. UKISHATAZAMA ANDIKA. Nikaukunja, nikautia ndani ya boksi, nikalificha boksi chini ya koti. Jioni ile ile Mjomba Kibwana alikuja kwetu kuchukua mkanda wa Mama Mdogo.

Alipima mfuko kwa mkono. "Leo mbona mzito? Harusi mbili?"

"Mbili," nilimjibu.

"Mashallah. Watu wanaoa," alisema, akaenda zake.

Nilivyolala usiku ule, malaika wenyewe walinipepea.

Jumamosi iliyofuata Bibi Leida alimaliza kuoga, akachanwa, akanyoosha mkono kwenye rafu. Vidole vyake vilitembea juu ya ubao, vikafika mwisho, vikarudi. Vikaenda tena.

"Umeuhamisha?" alimuuliza Mama.

"Mimi? Hapana, Bibi Leida."

Mama alitafuta nyuma ya redio. Alisogeza makochi. Aliinua zulia mimi nikiwa bado juu yake. Nilikuwa nabana kicheko, maana nilitaka kumshtua Bibi kwa karatasi iliyojaa. Kisha nikamwona Mama usoni, kicheko kikanikauka. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Baadaye nilipokua nikaelewa: katika kazi ile kitu kikipotea, wa kwanza kutazamwa ni mwenye ufunguo.

Bibi Leida hakumtazama hivyo. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya televisheni iliyozimwa, akaweka mikono mapajani.

"Ni picha pekee niliyonayo ya mama yangu," alisema. "Tulitoka nyumbani bila hata picha moja. Nilimwona kwenye televisheni miaka arobaini baadaye, kwa bahati tu, nikawaandikia watu wa televisheni mpaka wakachoka wakaninakilishia. Walichukua mwaka na nusu kunijibu. Na daktari ameyapa macho yangu mpaka Pasaka. Baada ya hapo nitaona mwanga tu."

Pasaka ilikuwa wiki saba mbele.

"Haujapotea," nilisema. Nilisema kwa Kiswidi, kama tulivyowajibu wazazi wetu sote siku zile, kwa hiyo Bibi Leida alisikia kila neno. "Umeenda Hallunda. Watu wanatazama harusi."

"Harusi gani, we mtoto?" Mama aliuliza.

"Ya mama yake."

Nikamwaga maneno, maana kimya nilikuwa sikiwezi na mpaka leo sikiwezi. Nikaeleza kitambaa cheupe, na macho chini, na wawili wanaomshika mikono, na matarumbeta, na magari yenye maua, na karatasi za madirishani, na kwamba ilikuwa aibu kubwa hakuna mtu aliyemwandikia hongera.

Bibi Leida aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Hakuwa anaolewa," alisema polepole. "Alikuwa mgonjwa. Tulikuwa tumekaa baharini siku mbili kwenye boti ile, tunakimbia vita. Ule mkono wa kushoto, wenye koti jeusi, ni wangu. Tulimshika ili asianguke."

Mama alinishika sikio, akakumbuka tuko kazini, akaliachia. "Twende nyumbani," alisema kwa Kiswahili. "Utaijua harusi."

Mkienda sasa Bredäng mkauliza, wapo watakaowaambia bado wanasikia simu zile Mama alizopiga jioni hiyo. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango wa jikoni.

"Haloo, Mama Achieng? Habari za Hallunda? Sikia, ule mkanda wa pili... Ndiyo, huo huo usio na pilau... Usicheke, mwenzangu, ni kazi yangu hii... Mmeutazama? Mara mbili? Mara mbili ya nini?... Haya, uko wapi?... Umeshaondoka?... Kijana wako amefanya nini?"

Nikasikia kiti kikivutwa. Mama alikuwa amekaa.

Kijana wa Mama Achieng alikuwa na ugonjwa wa kurekodi mechi juu ya kila mkanda uliokatiza mbele yake. Alishawahi kufuta bwana harusi mzima wa Arusha, akabakiza mguu. Safari hii alikiri kwamba amerekodi kipande cha mechi mahali fulani, kwenye mmoja kati ya ile mikanda miwili, hakumbuki upi, na yote miwili imeshaenda Akalla kwa Mama Goreti. Na kwa Mama Goreti simu ililia siku tisa bila kupokelewa.

Jumamosi ile ya katikati ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Tulienda kama kawaida. Mama alimwogesha, akamchana. Maandazi yaliletwa. Kisha Bibi Leida akakaa mahali pake, shubiri mbili kutoka kwenye kioo kisichowaka, akanywa kahawa yake huku akikitazama. Hakuna aliyenigombeza. Nilitamani mtu anigombeze. Andazi langu nililishika mkononi mpaka likawa unga.

Siku ya kumi Mama Goreti alipokea. Alikuwa zamu ya usiku hospitalini siku zote hizo, simu aliichomoa ili alale. Mama akamweleza yote, akamwambia Mjomba Kibwana atapita kuuchukua.

"Hapana, dada," Mama Goreti alisema, sauti yake nzito ikasikika mpaka nilipokuwa. "Nitauleta mimi. Mambo ya namna hii hayatumwi na mikate."

Alikuja Jumamosi, kutoka mwisho wa reli ya bluu mpaka kwetu kwenye reli nyekundu, mkanda ameuviringisha kwenye kitenge na kuupakata kama mtoto mchanga. Mimi nilimfungulia mlango wa kwa Bibi Leida. Alikuwa Mrundi mrefu, au mimi nilikuwa mfupi. Kichwa chake nakikumbuka kikigusa taa. Kiswidi chake kilikuwa cha mwaka mmoja. Alivua viatu, akapita moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akashika mikono yote miwili ya Bibi Leida.

"Amahoro, Mama," alisema, ndiyo salamu ya kwao, maana yake amani.

Mama akauingiza mkanda kwenye deki. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: kwamba boti haipo, kwamba pale alipoteremka yule wa kitambaa cheupe sasa kuna golikipa, na kwamba kosa ni langu na litakuwa langu mpaka nizeeke.

Matarumbeta yakalia. Msomaji akaanza kubwata. Boti ikaja. Kamba ikarushwa. Bibi Leida aliinama mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo. Wawili wakamshika mikono, akateremka, macho chini.

Akageuka.

"Pole na safari, Mama," alisema Mama Goreti. "Karibu."

Alisema kama tulivyozoea wote mbele ya mikanda, bila kufikiri. Bibi Leida alisimamisha picha. "Amesema nini?"

"Anamsalimia mama yako," nilimfasiria. "Anampa pole ya safari. Anamkaribisha."

Bibi Leida alitikisa kichwa kidogo. Akarudisha nyuma, akatazama mara ya pili, na ya tatu, na siku ile, kwa mara ya kwanza, ya nne. Kila yule mama alipogeuka, Mama Goreti alimpa pole upya, kama vile ndiyo kwanza anafika.

Kisha mkanda ukaachwa uende. Magari ya chuma yakaja na maua yao, wasichana wakapunga mikono, na pale pale ambapo mji wa Stockholm ulitakiwa kumwaga karatasi madirishani, kioo kilichanika mistari na wakatokea wanaume kumi na wawili wenye magongo wakikimbizana juu ya barafu.

Mama alifunika uso kwa viganja.

"Hii ni nini?" Bibi Leida aliuliza, akikaza macho. "Ni magongo?"

"Ndiyo, Bibi Leida," Mama alisema kutoka nyuma ya viganja.

"Nani anaongoza?"

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sisi ndipo tukajua tunaruhusiwa. Hadi leo, mtu akiniuliza vita ile iliishaje, jibu la kwanza linalonijia ni mbili kwa moja.

Mama Goreti akatoa karatasi yangu ndani ya boksi. Ilikuwa imejaa mpaka pembeni. Nikasimama kando ya kiti nikasoma kwa sauti, kila mstari nikiugeuza kwa Kiswidi.

"Tumetazama. Bibi harusi mzuri, ila bwana harusi yuko wapi? Familia ya Achieng, Hallunda."

"Tumetazama mara mbili tukitafuta pilau. Hatukuiona. Hata hivyo hongereni, na poleni."

"Courage, maman," yaani jipe moyo, mama. "Papa Fidèle na watoto."

Na chini kabisa, kwa mwandiko uliosimama wima: "Tumemuona mama. Na sisi tulishuka hivyo hivyo, mmoja huku, mmoja huku. Alifika salama? Goreti, Akalla."

Bibi Leida aliniomba nirudie huo wa mwisho. Nikarudia. Mama Goreti alikuwa amesimama karibu na dirisha, anatazama maua yale kumi na mawili kama mtu anayeyahesabu.

"Hakuna mtu aliye hai anayemjua mama yangu," Bibi Leida alisema. "Ni mimi tu. Nilikuwa nawaza, macho haya yakizima, atakuwa hana tena wa kumwona." Akanyoosha mkono hewani. "Kalamu unayo? Andika. Kwa lugha yao."

Nikaandika, kwa Kiswahili changu cha miaka minane, makosa matano katika kila neno. Nikaminya maneno pembezoni mwa karatasi, chini ya swali la Mama Goreti: "Alifika. Alishuka kwa miguu yake. Walimpa chai ya moto akainywa yote. Aliishi mpaka theluji ya kwanza. Jina lake Salme."

Nikamsomea. Akaniambia nitoe karatasi nyingine mpya, maana hiyo imejaa.

"Mpya ya nini?"

"Nani bado hajamwona?" aliuliza.

Tuliubakiza mkanda kwake mpaka Pasaka. Daktari hakukosea. Wiki ile Bibi Leida alianza kukaa mbali na kioo, kwenye kochi, nami nikahamia mahali pake, shubiri mbili, nikawa namtazamia. "Boti. Kamba. Sasa anashuka. Ngoja... sasa anageuka." Ndipo alipokuwa akifumba macho, pale pale. Miaka minne, kila Jumamosi, mara tatu, na hesabu yangu ya elfu nne nitaitetea mahakamani. Katikati ya wiki mkanda ulikuwa safarini na Mjomba Kibwana. Ulikwenda Uppsala, ulikwenda Gothenburg, nasikia ulifika Oslo ukarudi na kopo la samaki. Alipofariki Bibi Leida mkanda ulikuwa barabarani, na sijui ulikoishia. Karatasi ninazo, ishirini na sita, kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko.

Mwalimu alikuwa bado amesimama, anangoja. Picha nayo ilikuwa imesimama, yule mama anatutazama.

"Anaitwa Salme," nilimwambia. "Mkono wa kushoto ni wa binti yake."

Alichungulia kwenye makaratasi yake. "Hapa wameandika wakimbizi wasiojulikana."

"Basi hapo wafute."

Nikamwomba arudishe nyuma. Akarudisha. Darasa zima lilimtazama akishuka, watu kumi na wanne wa nchi kumi na moja, na alipogeuka sikuona tena mtu aliyefumba macho. Kisha picha zikaendelea, na magari ya chuma yakaja na maua yake, nami nikashika ukingo wa dawati nikingoja magongo. Hayakuja. Ikaja barabara imejaa pomoni, watu wanakumbatiana, na karatasi zikamwagika madirishani, nyeupe, nyingi, miaka thelathini na zaidi tangu nizione. Nilipiga kigelegele kimoja, kifupi. Shule ilivumilia.

Taa zilipowashwa nilichana ukurasa kwenye daftari langu, nikaandika jina la Salme juu, nikampa dereva wa basi.

Aliugeuza mbele na nyuma. "Niandike nini?"

"Andika kwamba umemwona," nilimwambia. "Weka jina lako, kisha mpe wa nyuma yako."

Akapangusa sukari ya andazi kwenye suruali, akaomba kalamu.